Mama alimlalamikia Mungu, na mimi hapo ndo nilipopata tumaini

Mdogo wangu alifariki kwa ajali ya pikipiki kipindi cha masika, barabara ya Himo, sio mbali na Kiboriloni, jioni mvua inanyesha na kila mtu anawahi nyumbani. Aligongwa na lori. Sitaki kueleza sana ilivyokuwa maana nilichokiona mochwari kinanitosha mimi mwenyewe. Nataka kuandika yaliyofuata, kwa sababu tangu wakati ule watu wengi wameniuliza tulivukaje, hasa mama, mwanamke wa miaka sabini na kitu aliyemzika kitinda mimba wake, na kila nikijaribu kuwajibu kwa mdomo naishia kusema "ni Mungu tu", ambayo ni kweli kabisa lakini haimsaidii mtu ambaye turubai bado liko uani kwake.

Sisi ni watu wa Old Moshi, unapandisha kutoka Kiboriloni kama unaelekea Kidia, Walutheri toka enzi za babu. Mdogo wangu kijiwe chake kilikuwa hapohapo Kiboriloni, alikuwa na pikipiki ya mkataba, kila siku hesabu ya bosi kwanza ndo na yeye apate ya kwake, na mkataba ulikuwa unakaribia kuisha, alishaanza kupiga mahesabu ya kutafuta ya pili ampe kijana mwingine. Alimwacha wifi yangu ana mimba, na mtoto mmoja wa kiume alikuwa chekechea.

Wanaojua misiba ya Kichaga wanajua mtu anarudishwa nyumbani, anazikwa kihambani kwao, yaani kwenye shamba la ukoo, kwaiyo tukampandisha. Bodaboda wenzake walitangulia mbele ya gari na matawi ya miti wamefunga kwenye pikipiki zao, honi mwanzo mwisho, na vijana wa kijijini walikuwa wameshachimba kaburi katikati ya migomba tangu alfajiri kwenye tope. Watu walijaa. Rambirambi zikaandikwa kwenye daftari, wamama wakapika, kwaya ikaimba, mchungaji akahubiri vizuri. Kiukweli hakuna aliyetutupa siku zile.

Ila kuna neno moja lilikuwa linarudi kila baada ya dakika chache, na mtanzania yeyote analijua, "kazi ya Mungu haina makosa". Mtu anaingia, anampa mama mkono, anasema pole mama, kazi ya Mungu haina makosa, anakaa. Anayefuata hivohivo. Nadhani wengi wanalisema kwa sababu hawajui waseme nini na wanaogopa kukaa kimya mbele ya mfiwa, siwalaumu. Sasa kuna mzee mmoja akaenda mbali zaidi, akamwambia mama asilie vile, ni kama anamkufuru Mungu, amshukuru tu kwa yote. Mama alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, amejifunga kanga kiunoni, akanyanyua uso akamwangalia yule mzee akamwambia, "Sasa baba, kama sio yeye unataka nimlilie nani?"

Pale ndani palikuwa kimya aisee. Yule mzee hakuwa na jibu, na mimi mwenyewe sikuwa nalo, nilikuwa nimelelewa kwamba mkristo imara anapokea, anasema Bwana alitoa na Bwana ametwaa, basi anafuta machozi anaanza kugawa chai.

Matanga yakaanuliwa, ndugu wa Dar na Mwanza wakaondoka, tukabaki mimi, mama, wifi na mtoto. Na ndo mambo yenyewe yakaanza. Kila jioni kabla giza halijaingia mama anatoka na kigoda chake anaenda kukaa kihambani pale kaburini, anaongea kwa sauti. Anaongea Kichaga, anamwita Ruwa kwa jina hilo la wazee, na hakuwa anaomba kwa ule utaratibu wa kanisani, alikuwa anamsema. Nilimsikia kwa masikio yangu, mi nilikuombea huyu mtoto kila asubuhi kabla hajawasha pikipiki, ulisikia au hukusikia, ulikuwa wapi ile jioni, mimi nimekutumikia toka msichana, ulishindwa nini kunichukua mimi nikamwacha yeye alee wanae. Siku nyingine analia tu. Siku nyingine anakaa kimya muda mrefu halafu anasema neno moja anarudi ndani kukoka moto.

Mimi niliogopa sana, nikajua mama imani inamtoka. Lakini jumapili unamkuta wa kwanza kuamka, ameshaoga, bahasha ya sadaka mkononi, anashuka kanisani na fimbo yake na anaimba. Jioni yake tena yuko kaburini anagomba. Sikuelewa.

Ikabidi nimuulize. Akanijibu kwa kifupi kwamba nichukue Biblia nimsomee, maana macho yake saivi hayaoni maandishi madogo. Akanitajia Zaburi ya 13. "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Nikamaliza, akasema soma ya 88. Jamani sijui nyie mmeisoma hiyo Zaburi mara ngapi, mimi nilikuwa naipita, maana Zaburi nyingi zenye malalamiko zikifika mwisho zinageuka kuwa sifa, mtu analia mwanzo anamaliza na shukrani, lakini ile ya 88 haigeuki, inaanza na kilio usiku na mchana na inaisha gizani, hakuna kalenda ya lini mambo yatakuwa sawa. Nilipomaliza mama akasema, "Hayo yamo humohumo kwenye Biblia, hakuna aliyeyafuta. Aliyeandika alikuwa anaongea na Mungu, hakumgeuzia mgongo. Na mimi naongea naye."

Hiyo kauli ndo ilinibadilisha kuliko mahubiri yote ya msibani. Kwamba mtu akimlalamikia Mungu usoni kwake bado yuko naye. Mtu asiyeamini halalamiki kwa Mungu, anamlalamikia nani? Mama alikuwa na hasira na Mungu kwa sababu alikuwa na uhakika yupo, na anasikia, na aliwahi kuwa mwema kwake. Nilianza kusoma kwa macho mengine kabisa. Ayubu tunamkumbuka kwa ule mstari mmoja wa Bwana alitoa, tunasahau kwamba sura inayofuata baada ya zile mbili za mwanzo anafungua kinywa kuilaani siku aliyozaliwa, na sehemu kubwa ya kitabu ni yeye anabishana na marafiki na kudai majibu, na mwisho wa yote Mungu anawakasirikia wale marafiki waliokuwa wanamtetea Mungu kwa maneno mazuri, anasema hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu. Na wale marafiki walianza vizuri sana! Walipofika walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, kwa sababu waliona maumivu yake ni makubwa mno. Walipoanza kueleza sababu ndo wakaharibu.

Halafu Yohana 11. Martha anamwambia Yesu, "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Ni maneno ya mama yale, neno kwa neno karibu, ulikuwa wapi. Na Mariamu naye akija anasema hivohivo. Yesu hakumgombeza hata mmoja, hakusema imani yenu ndogo. Akauliza mmemweka wapi, akalia machozi, akaenda kaburini. Nilikaa sana na hicho kitu, kwa sababu yeye alishajua anakwenda kumfufua Lazaro, alishawaambia na wanafunzi wake kabla ya safari, dakika chache zijazo marehemu anatoka na sanda, na bado alilia. Kwaiyo kulia sio kukosa tumaini. Kama mwenye ufunguo wa kaburi amelia akielekea kaburini, wewe na mimi tunakatazwaje?

Sasa niseme na upande mwingine ambao ulitutesa. Miezi ile wifi alichukuliwa na jirani akapelekwa kwenye maombi mahali fulani mjini, sipataji, akarudi ameambiwa kifo kile ni laana ya ukoo, kuna kitu wazee walikula na hakikulipwa, na mimba aliyobeba iko hatarini kama hatatoa sadaka ya kukomboa. Kiasi kilichotajwa hatukuwa nacho na hata tungekuwa nacho tusingetoa. Alirudi anatetemeka, mwanamke mjamzito amefiwa, anatishiwa mtoto wa tumboni. Hilo jambo mpaka leo linanichoma. Nikamfungulia Luka 13, pale Yesu anapoongelea wale watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara kule Siloamu, anawauliza waliokuwepo, mnadhani hao walikuwa na makosa kuliko watu wote waliokaa Yerusalemu? Akajibu mwenyewe, hapana. Ajali ilikuwepo, watu walikufa, na Yesu alikataa kabisa kuitumia kuwahukumu marehemu.

Hapa kwetu tunaijua hiyo minara. Februari 1, 2020, hapa Moshi uwanja wa Majengo, watu 20 walikufa wakikanyagana kwenye ibada ya maombi, walikuwa wanakimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Walienda kutafuta msaada wa Mungu. Nani atasimama aseme walikosa imani, wakati imani ndo iliwapeleka pale? Na kati ya waliokufa walikuwemo watoto.

Na kabla ya hapo mimi nilikuwa naishi Arusha, nashona Ngarenaro, ile Jumamosi ya Mei 6, 2017 basi dogo la shule lilipotumbukia korongoni kule Rhotia, Karatu. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watoto wa darasa la saba walikuwa wanakwenda kufanya mtihani wa kujipima na wenzao, mvua inanyesha. Jumatatu yake jiji zima lilikuwa uwanja wa Sheikh Amri Abeid, majeneza yamepangwa kwenye mistari, mama Samia akiwa bado makamu wa rais alikuja, masheikh wakaomba, wachungaji na mapadre wakaomba, na sisi wa majukwaani tulikuwa tunalia kwa watoto ambao hatukuwajua hata majina. Watatu walipona. Waliokolewa kwa sababu Wamarekani kadhaa wa shirika moja la huduma ya kikristo walikuwa wanapita barabara hiyohiyo wakasimama, na baadae wale watoto wakapelekwa kutibiwa Iowa kule Marekani, wakarudi nyumbani Agosti ya mwaka huohuo. Watu tulishangilia uwanja wa ndege wa KIA, tukasema Mungu ni mwema, na ni mwema kweli.

Lakini siku mdogo wangu alipokufa ndo nikaanza kuwaza wale wazazi wa wale 32. Wao hawakuomba asubuhi ile? Nina hakika waliomba, mzazi gani wa Arusha anamtoa mtoto alfajiri kwenda mtihani bila kumwombea. Kwaiyo mtu akikwambia tumaini la mkristo ni kwamba ukiomba vizuri basi halitakupata lori wala korongo, anakudanganya, na siku likikupata atakugeuzia kibao kwamba ni wewe uliyekosea. Mimi tumaini la namna hiyo nililiacha kabisa. Lililobaki ni lile ambalo mchungaji alilisema pale kaburini akiwa anarusha udongo mara tatu, na mimi siku ile sikulisikia kwa sababu masikio yalikuwa yamejaa kilio, kwamba aliyekufa na kufufuka atawafufua na hawa. Basi. Ni hilo au hakuna kingine. Paulo akiwaandikia Wathesalonike waliokuwa wamefiwa hakuwaambia msihuzunike, aliwaambia msihuzunike kama wale wasio na matumaini, ina maana huzuni ipo na tumaini lipo, vinakaa nyumba moja, vinakula sahani moja.

Na hili tumaini halikuja kama wazo tu kichwani, lilikuja na miguu ya watu. Hapa inabidi niongelee jumuiya, majirani tunaosali pamoja, maana bila wao sijui. Wamama wa jumuiya yetu walijipangia zamu bila kutuambia, anakuja mmoja anafua nguo za mtoto, mwingine anakata majani ya ng'ombe, mwingine anakaa tu na wifi wanachambua maharage hakuna anayeongea. Hawakuja wiki ya kwanza tu ambapo kila mtu anakuja, walikuja mwezi wa tatu, wa nne, wakati simu za pole zimeshakata na watu wanatarajia uwe umeshazoea. Mwinjilisti alikuwa anapita jioni, anasoma mistari michache, anaomba kwa ufupi anaondoka, hakuwahi kukaa kutupa darasa. Na kuna jumapili kwenye ule mnada wa baada ya ibada, mnajua kanisani kwetu watu wanatoa sadaka za mazao, ndizi, mayai, kuku, zinanadiwa pale nje, sasa mtu mmoja akanunua mkungu wa ndizi mshare kwa bei kubwa, hela ikaenda kanisani, halafu akamwambia mwinjilisti mkungu upelekeni kwa yule mama mjamzito. Ikawa kama mchezo, kila mnada kuna kitu kinapanda kwetu. Mimi nimesoma vitabu vichache lakini hakuna kilichonielewesha neema kama ile mikungu ya ndizi inayoletwa kichwani na mtu ambaye anakataa hata kukaa anywe maji.

Kuna na rafiki wa mdogo wangu wa kijiweni, kijana mdogo tu, sio hata Mlutheri, alijitolea kumpeleka mtoto shule na kumrudisha. Wifi wakati ule alikuwa hawezi kabisa kusikia mlio wa pikipiki, ikipita barabarani anaziba masikio, anatetemeka. Yule kijana aligundua mwenyewe bila kuambiwa. Akawa anaiacha pikipiki yake kule chini dukani, anapanda kilima kwa miguu, anamchukua mtoto mkono wanatembea mpaka shule, halafu anashuka tena kwa miguu kuifuata. Kila siku ya shule, na hizo ni saa za asubuhi ambazo bodaboda ndo anapata abiria wengi. Nilipomuuliza kwa nini asiendelee na kazi sisi tutampeleka mtoto, alisema marehemu alimfundisha kuendesha akiwa hana kitu. Siwezi kumwelezea mtu Mungu alikuwa wapi ile jioni ya ajali, mpaka leo sijui na mama naye anasema atamuuliza wakionana. Lakini asubuhi zile alikuwa anapanda kile kilima, hilo nalijua.

Wifi alijifungua salama, mtoto wa kike. Watu wakaanza tena na maneno yao, Mungu amewapa mbadala, Mungu amefidia. Wifi akasema hapana, huyu ni huyu na baba yake ni baba yake, hakuna aliyefidiwa, na mama akamuunga mkono mbele ya wageni. Nilimpenda sana wifi yangu siku ile. Na kweli furaha ya yule mtoto ilikuwa furaha yenyewe, haikuhitaji kufuta kitu. Mama alijifungia jikoni na mtori, ile supu ya ndizi, si mnajua mzazi wa Kichaga lazima ashibe mtori, na huko jikoni nikamsikia anaimba nyimbo za kitabuni moja baada ya nyingine, sauti ya kwanza kabisa, vile alivyokuwa anaimba zamani tukiwa wadogo.

Je mama ameacha kulalamika? Hajaacha. Hasa Desemba, watu wote wanapopanda mlimani kula sikukuu na yeye anahesabu wanae mezani, lazima atatoka na kigoda. Ila maneno yamebadilika kidogo, saivi anampa Mungu na habari, mtoto ameanza kutembea, yule mkubwa amekuwa wa tatu darasani, bei ya kahawa, kisha analeta lile deni lake la zamani, kisha anasema amina. Na mimi nimeanza kukaa naye, mwanzoni nilikuwa nasikiliza tu, siku hizi na mimi nina ya kwangu ya kusema.

Wiki iliyopita jirani wa chini yetu amempoteza mumewe, presha, ghafla, hakuna aliyetegemea. Mama amekataa kusubiri siku ya mazishi, ameshuka na fimbo yake tangu siku ya kwanza na analala hukohuko kwenye mkeka na yule mama. Jumuiya tumekubaliana zamu mpaka baada ya mavuno, mimi nimepangiwa Alhamisi, kufua na kuchota maji. Nimeambiwa nije na sabuni na nisije na mistari ya kumsomea mpaka atakapoomba mwenyewe.